Barabara ya Mtaa Wako na Baraza la Jiji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu nimeuandika kwa ajili ya wakazi wa miji ya Uganda wanaozungumza Kiswahili: wa Walukuba kule Jinja, wa Bombo, wa Arua, wa Busia na Malaba, na wale waliohamia Kampala kutafuta riziki. Nimekuwa mjumbe wa kamati ya LC1, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, mtaani kwetu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa kwenye viti vya wageni baraza linapokutana. Makabrasha ya vikao huandikwa kwa Kiingereza, na wazee wetu wengi hubaki nje ya habari zinazohusu mlango wa nyumba zao wenyewe. Maswali haya huulizwa njiani, nje ya msikiti, kwenye kibanda cha chapati, na karibu kila mara huulizwa wakati greda limeshafika. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Barabara huanza kwenye makaratasi, mwaka mzima au zaidi kabla ya trekta kuonekana, na wakati huo wa makaratasi ndio mkazi anasikilizwa.

Barabara inayopita mbele ya nyumba yangu ni ya nani?

Anzia hapa, maana nimewaona watu wakizunguka miezi mitatu na barua mkononi kwa sababu waliipeleka ofisi isiyohusika. Barabara kuu za taifa, zile zinazounganisha wilaya na wilaya au kuelekea mpakani, ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Zamani zilikuwa mikononi mwa UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, lakini mamlaka hiyo ilivunjwa na kazi zake zikarudishwa wizarani mwishoni mwa 2024. Barabara za ndani ya Kampala ni za KCCA, mamlaka ya jiji hilo. Katika majiji mengine ni za baraza la jiji, na katika miji ya ngazi ya manispaa ni za baraza la manispaa.

Chukua Jinja. Ukitoka Kampala ukavuka Daraja la Nile, lile la nyaya lililofunguliwa 17 Oktoba 2018, bado uko kwenye barabara ya taifa. Ukikata kona kuingia mitaani, umeingia kwenye barabara za jiji. Shimo moja na jingine yanaweza kutengana hatua hamsini tu, na kila moja likawa na ofisi yake. Kwa hiyo nenda kwa mhandisi wa jiji, mtajie barabara, muulize kama imo kwenye orodha ya barabara za jiji. Kama haimo, kama ni njia tu ambayo wenye viwanja waliiachia wapita njia, basi kazi yenu ya kwanza ni kuifanya itambuliwe kwenye ramani ya mipango. Njia isiyo kwenye orodha haitengewi hata shilingi moja.

Baraza la jiji ni akina nani hasa?

Hadi 2020 Uganda ilikuwa na jiji moja tu, Kampala. Mwaka huo serikali ilianza kupandisha miji mingine hadhi, na leo tunahesabu Arua, Gulu, Jinja, Mbarara, Fort Portal, Mbale, Masaka, Hoima, Lira na Soroti. Kila moja lina divisheni mbili, na kila divisheni ina baraza lake.

Baraza la jiji lina meya aliyechaguliwa na wananchi, na madiwani, ambao wengi huku huwaita makansala, waliochaguliwa kwa maeneo. Sheria inataka wanawake wasipungue theluthi moja, na kuna viti vya vijana, watu wenye ulemavu na wazee. Madiwani humchagua spika kati yao. Muhula wao ni miaka mitano.

Sasa kuna upande wa pili ambao wengi hawaujui: watumishi. Mkuu wao ni karani wa jiji. Usidanganywe na neno karani. Huyu si mtu wa kupiga chapa barua. Ndiye anayetia sahihi pesa zitoke, ndiye anayewajibika kwa hesabu, na mhandisi, mtu wa mipango miji, afisa wa afya na mhasibu wote wako chini yake. Baraza hupitisha bajeti na maazimio; watumishi hutekeleza. Nimewasikia watu wakimtukana diwani kwa ajili ya kalavati ambalo baraza lilishalipitisha, na faili limelala kwenye dawati la fundi. Jua faili liko wapi kwanza, ndipo ujue wa kumkasirikia.

Kuna pia RCC, mwakilishi wa Rais katika jiji. Hufuatilia miradi ya serikali na anaweza kuita watu wajieleze, lakini hana kura ndani ya baraza.

Kampala nayo inafuata utaratibu huu?

Si sawasawa. Kwa Sheria ya Jiji Kuu la Kampala ya 2010, Kampala husimamiwa na serikali kuu kupitia KCCA, ambayo ilianza kazi 2011. Yupo Meya Mkuu aliyechaguliwa, yupo Mkurugenzi Mtendaji aliyeteuliwa, na yupo Waziri wa Kampala. Divisheni zake ni tano: Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Mvutano kati ya wanasiasa na watendaji umekuwepo tangu mwanzo kwa sababu sheria yenyewe iliwaweka mafahali wawili kwenye zizi moja. Mkazi wa Kawempe mwenye shida ya mfereji nampa ushauri huu: anzia ofisi ya divisheni, kwa mhandisi wa divisheni, na nakala ya barua mpelekee diwani wako.

Mwenyekiti wa LC1 anaweza kututengenezea barabara?

Hana pesa ya barabara. Lakini ana kitu ambacho meya hana: anaweza kuitisha baraza la kijiji. Baraza la kijiji si ile kamati ya watu kumi. Ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Wewe ni mjumbe tayari, hata kama hukuwahi kuitwa. Mwaka 2018, baada ya miaka kumi na saba bila uchaguzi wa LC1, tulipanga mistari nyuma ya wagombea, tukahesabiwa mchana kweupe, tukarudi nyumbani. Wengi waliona kazi imeisha siku ile.

Mkutano wa kijiji ukikaa na kuandika kumbukumbu kwamba mahitaji yetu ni mfereji wa barabara fulani, halafu kalavati la mahali fulani, halafu taa, ile karatasi yenye muhuri ndiyo mbegu. Huenda kata, ikatoka kata kwenda divisheni, ikatoka divisheni kwenda jiji. Mtaa usio na karatasi hauna hoja. Diwani wako akisimama barazani mikono mitupu, atapigwa na diwani mwenzake aliyekuja na kumbukumbu tatu zenye mihuri na sahihi za watu mia.

Na andikeni kwa usahihi. "Tunaomba barabara" hakumsaidii mtu. Andikeni barabara inaanzia wapi, inaishia wapi, ina urefu wa hatua ngapi, maji husimama wapi mvua ikinyesha, shule gani au zahanati gani inaitegemea. Mhandisi akipata barua ya namna hiyo anaweza kuipiga hesabu siku hiyo hiyo.

Ni wakati gani wa mwaka tunapaswa kwenda?

Swali hili ningependa kila mtu aliulize. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na kwisha 30 Juni. Kwa hiyo watu huona Juni ndiyo mwezi wa bajeti, redio zote zinaisoma, nao hufunga safari kwenda ofisi za jiji. Wamechelewa. Bunge linatakiwa liwe limepitisha bajeti ya taifa kufikia 31 Mei, na jiji lina wajibu wa kuwa tayari na yake kabla ya Julai. Kilichobaki Juni ni kusoma.

Mlango hufunguliwa mapema zaidi. Mikutano ya vijiji na kata ya kupanga mahitaji hufaa ifanyike kuanzia Agosti na Septemba. Karibu na Oktoba na Novemba jiji huitisha mkutano wa bajeti, ambako wakazi, wafanyabiashara, viongozi wa dini na vyama vya kiraia hualikwa. Watu wengi huudharau, wakidhani ni wa kunywa soda. Pale ndipo mhandisi anaweka ukutani orodha ya barabara anazotaka kuzifanyia kazi mwaka unaofuata, na pale ndipo unaweza kuinua mkono ukauliza kwa nini yenu haimo. Baada ya hapo kamati za baraza hukaa na rasimu, na kufikia Machi au Aprili nafasi ya kubadili kitu imebaki kama tundu la sindano.

Kata kipande cha karatasi, andika Oktoba, kibandike mlangoni.

Pesa za barabara zinatoka wapi?

Sehemu kubwa mno hutoka serikali kuu, na nyingi zimeshapangiwa kazi kabla hazijafika: mishahara ya walimu, dawa, ujenzi wa madarasa. Zile za matengenezo ya barabara kwa miaka mingi zilipitia Mfuko wa Barabara, ulioundwa kwa sheria ya 2008, ambao nao sasa umerudishwa wizarani. Zikichelewa kutoka Kampala, greda huegeshwa.

Jiji pia hukusanya pesa zake. Kuna leseni za biashara, ada za masoko na maegesho, kodi ya hoteli, na kodi ya huduma za mtaa, ambayo ni kati ya shilingi 5,000 na 100,000 kwa mwaka kulingana na kipato. Hiyo ilikuja 2008, miaka michache baada ya ile kodi ya kichwa tuliyoichukia sana kuondolewa. Kuna na kodi ya majengo, chini ya sheria ya 2005. Hapa watu huogopeshwa bure: nyumba unayoishi mwenyewe haitozwi. Hutozwa ya kupangisha na ya biashara. Kampala hutoza asilimia 6 ya thamani ya pango kwa mwaka. Ukiona jengo lako limethaminiwa kupita kiasi, orodha ya thamani hutangazwa na kuna baraza maalumu la kusikiliza pingamizi. Nenda kabla muda haujapita.

Pesa zinazokusanywa na divisheni hugawanywa nusu kwa nusu: asilimia 50 hubaki divisheni, 50 huenda jiji. Ndiyo maana ukiomba mfereji mdogo ni halali kabisa kuiuliza divisheni yako imebakiza kiasi gani na imekifanyia nini.

Kwa nini barabara ya pale imewekwa lami na yetu bado ni vumbi?

Ukiona mjini barabara mpya yenye lami nzito, mifereji ya zege pande zote mbili, njia ya waenda kwa miguu na taa za jua, yaelekea ni kazi ya USMID, mpango wa miundombinu ya miji uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ulianza 2013 kwa dola milioni 150 katika miji 14, ikiwemo Arua, Gulu, Lira, Soroti, Moroto, Mbale, Tororo, Jinja, Entebbe, Masaka na Mbarara. Mwaka 2018 ukaongezewa dola milioni 360 na miji ikafika 22, Busia na Kasese zikiwemo, pamoja na wilaya nane zinazohifadhi wakimbizi. Kampala ilikuwa na miradi yake, na sasa mpango wa Kampala Kubwa umezijumuisha Wakiso, Mukono na Mpigi, na miji iliyomo humo kama Entebbe, Kira na Nansana.

Kilomita moja ya lami ya namna hiyo hugharimu mabilioni ya shilingi. Kwa hiyo huchaguliwa barabara chache: za katikati ya mji, za kuelekea sokoni, kituo cha mabasi au hospitali, na hasa zile ambazo tayari zina upana wa kutosha bila kubomoa nyumba. Kigezo hicho cha mwisho ndicho kinachowaumiza watu wa mitaa kama yetu. Mtaa uliojengwa kwa kubanana, kila mtu akisogeza ukuta nusu mita kwa usiku, hujiondoa kwenye orodha wenyewe. Nimeshuhudia barazani barabara iliyokuwa nafasi ya tatu ikishuka kwa sababu mpimaji alikuta mita nne tu kati ya kuta, na magari mawili hayawezi kupishana.

Siasa nayo imo, sitaificha. Diwani anayehudhuria kamati, anayesoma makaratasi, anayejua majina ya watumishi, barabara zake hupanda. Anayekuja kusaini posho na kuondoka, za kwake hubaki. Muulizeni wenu yuko kamati gani na alihudhuria vikao vingapi. Baraza lina wajibu wa kukutana angalau mara moja kila miezi miwili, kwa hiyo mahudhurio yanahesabika.

Lami yetu ilikaa misimu miwili tu ya mvua, ikaanza kumeguka. Tatizo ni nini?

Maji. Mara tisa kati ya kumi nilipokwenda kuangalia barabara iliyokufa mapema, nilikuta maji yamepata njia ya kuingia chini yake. Lami ni ngozi tu. Nguvu ya barabara iko kwenye tabaka za udongo na kokoto zilizoshindiliwa chini, na tabaka hizo zikilowa hulainika kama ugali uliozidiwa maji. Lori likipita, ngozi inazama, inapasuka, maji yanaingia zaidi.

Kwa hiyo mkisimama kuangalia kazi, msishangilie weusi wa lami. Angalieni mfereji. Je, umechimbwa pande zote? Je, unateremka mfululizo mpaka mahali penye mto au bwawa, au unaishia katikati ya shamba la mtu? Je, katikati ya barabara pameinuka kidogo ili maji yakimbilie pembeni? Je, kalavati ni pana kiasi cha mtu kuweza kulizibua kwa koleo, au ni bomba dogo litakalojaa chupa za plastiki wiki ya kwanza? Udongo wetu mwekundu wa changarawe ni mzuri ukishindiliwa ukiwa na unyevu wa kadiri. Ukimwagwa mkavu na kupitiwa na greda mara moja, unabaki vumbi Januari na tope Aprili. Na wahimizeni wahandisi wasifungue barabara ya udongo mwezi Machi, mvua ndefu zikiwa mlangoni. Kazi ya Februari hudumu. Ya mwisho wa Machi huenda na maji.

Mbale walijifunza kwa uchungu usiku wa kuamkia 31 Julai 2022. Mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, zaidi ya watu 20 wakafa, madaraja na nyumba vikabebwa. Mvua ilikuwa kubwa kweli, lakini maji hufuata njia yake ya zamani, na pale walipojenga watu juu ya njia hiyo ndipo yalipopita.

Jambo la kufuatilia: mkataba wa barabara huwa na kipindi cha dhamana, mara nyingi mwaka mmoja baada ya kukabidhi, ambapo mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake, na sehemu ya malipo yake huzuiliwa mpaka kipindi kiishe. Ukiona ufa mwezi wa nane baada ya kukabidhi, usingoje. Piga picha, andika tarehe, peleka barua kwa mhandisi wa jiji, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Baada ya mwaka, ufa huo huo utalipiwa na kodi yako.

Wanataka kupanua barabara na ukuta wangu umewekwa alama nyekundu. Nitalipwa?

Ibara ya 26 ya Katiba inasema mali yako haichukuliwi kwa lazima bila fidia ya haki na ya kutosha, na fidia hiyo hulipwa kabla mali haijachukuliwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyoihusu UNRA, ilishikilia hivyo hivyo: malipo kwanza, kuchukua baadaye. Viwango vya mimea na majengo yasiyo ya kudumu hutolewa na bodi ya ardhi, na hesabu ya mwisho huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Aliye na kibanja, yaani anayekaa kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mwingine, pia ana haki; si lazima uwe na hati ya ardhi mkononi ndipo usikilizwe. Ila ukijenga ndani ya hifadhi ya barabara iliyokwisha kupangwa, hoja yako hudhoofika sana, na hapo sitakudanganya.

Sasa sikiliza jambo hili kwa makini. Kwenye miradi mingi ya mijini wakazi huombwa watoe kipande kidogo cha ardhi kwa hiari, ili pesa zote ziende kwenye barabara. Si jambo baya. Mimi mwenyewe nilitoa mita moja, na leo watoto wangu wanapita mahali pakavu. Lakini hiari ni hiari. Jirani yangu, mama mjane anayekaanga samaki kando ya njia, aliletewa fomu ya Kiingereza jioni, akaambiwa ni mita moja na nusu, atie kidole gumba. Alitia. Greda lilipokuja lilichukua mita tatu, ukuta na mwembe wake aliokuwa akikalia kivuli chake akiuza samaki. Alipokwenda kulalamika alionyeshwa fomu: nafasi ya vipimo ilikuwa tupu siku aliyotia kidole, na sasa ilikuwa imejazwa. Tulihangaika naye karibu mwaka mzima. Alijengewa ukuta mwishowe. Mwembe haukurudi.

Kwa hiyo usitie sahihi karatasi yenye nafasi tupu. Mwite mtu anayesoma lugha hiyo akutafsirie mbele ya mjumbe wa LC1. Pima kwa kamba, andika vipimo kwa mkono wako, piga picha ya fomu. Na kama kuna mradi, uliza iko wapi kamati ya malalamiko. Miradi ya mikopo hutakiwa kuwa nayo, na malalamiko yaliyoandikwa kwenye daftari lake huwa magumu kufutika.

Diwani anaweza kumpa rafiki yake zabuni?

Kisheria hapana. Zabuni husimamiwa na watumishi na kamati ya mikataba chini ya sheria ya manunuzi ya umma ya 2003, na matangazo ya aliyeshinda hubandikwa kwenye ubao wa ofisi za jiji. Soma ubao ule. Ukiona harufu mbaya, ofisi ya IGG, Inspekta Mkuu wa Serikali anayepambana na rushwa, hupokea malalamiko, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutolewa kila mwaka, jiji kwa jiji.

Nikienda kwenye kikao cha baraza nitaruhusiwa kuingia na kusema?

Kuingia, ndiyo, vikao vya baraza ni vya wazi. Unakaa sehemu ya wageni, unanyamaza. Kusema kwako hupitia kwa diwani wako au kwa ombi la maandishi kwa spika. Nenda hata hivyo. Diwani anayejua kwamba watu kumi wa mtaa wake wamekaa nyuma yake husimama kwa namna nyingine.

Nitauonaje mkataba wa barabara yetu?

Kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2005, raia yeyote anaweza kuomba nyaraka za serikali, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Huhitaji kueleza sababu. Omba vitu vitatu: kiasi cha fedha, orodha ya kazi zilizokubaliwa pamoja na vipimo vyake, na tarehe ya kumaliza. Ile orodha ya kazi ndiyo dhahabu. Humo imeandikwa mifereji mita ngapi, makalavati mangapi, taa ngapi. Unachukua kamba na daftari, unatembea barabara mwenyewe.

Kwa nini kazi husimama miezi na miezi baada ya kuchimbua?

Mara nyingine mkandarasi hajalipwa. Mara nyingine ana kazi katika miji mitatu na mashine za mji mmoja. Lakini sababu moja hurudi kila mara: mabomba ya shirika la maji na nguzo za umeme. Yasipohamishwa kabla, kazi husimama, au mbaya zaidi, lami huwekwa halafu hukatwa mwezi unaofuata ili kupitisha bomba. Tangu 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme umetoka kwa kampuni iitwayo Umeme na kwenda UEDCL, kampuni ya serikali, kwa hiyo barua za nguzo ziende huko. Ulizeni mapema: mabomba na nguzo vitahamishwa lini, na pesa zake zimo kwenye bajeti ya nani?

Vibanda vyetu vya kando ya barabara vitavunjwa?

Vilivyo ndani ya hifadhi ya barabara, yaelekea ndiyo. Mimi siamini kwamba mama wa nyanya ni adui wa jiji safi, na nimesema hivyo kila nilipopata nafasi. Anachostahili ni taarifa ya maandishi yenye muda wa kutosha, na mahali pengine penye wanunuzi. Wenye vibanda na vijana wa boda boda wa steji moja wajiandikishe kama chama, wawe na mwenyekiti na daftari la majina. Jiji hujadiliana na chama. Mtu mmoja mmoja huondolewa alfajiri.

Taka zinahusiana vipi na barabara?

Zinaziba mifereji, na mfereji ulioziba huua barabara kama nilivyoeleza. Na zinaua watu. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi, kaskazini ya Kampala, liliporomoka juu ya nyumba na kuua zaidi ya watu 30. Baraza linapojadili mahali pa kutupa taka, kikao hicho huwa na viti vitupu vya wageni. Hudhuria hicho kuliko kile cha kuapishwa meya.

Pesa za PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, zinaweza kutengeneza barabara ya mtaa?

Zile za mikopo, hapana. Shilingi milioni 100 za kila parishi kwa mwaka ni za kukopeshwa kaya kwa ajili ya uzalishaji. Atakayekuambia mchangie barabara kutoka humo, mkatalie.

Greda limefika leo asubuhi na hatujui lolote. Tufanye nini?

Bado kuna la kufanya, ila ni leo. Mtafute msimamizi wa kazi, msalimie vizuri, muulize anaitwa nani na barabara inaishia wapi. Omba kuona mchoro. Kisha mchukueni pamoja na mwenyekiti wa LC1, mtembee naye mpaka upande wa chini wa barabara, pale ambapo mvua ya mwaka jana iliingia ndani ya nyumba, mumwonyeshe alama ya maji ukutani, na mumuulize mfereji wake utayapeleka wapi maji hayo. Akijibu, andikeni jibu lake na tarehe. Akikosa jibu, mmoja wenu apande boda boda sasa hivi kwenda kwa mhandisi wa jiji, kabla udongo haujamwagwa.